Tarakilishi Ilipoficha Ukame Wetu

Najua wengi wenu mkilifungua jarida la Chama cha Kiswahili mnatafuta kwanza mashairi, vitendawili na visa vya sungura na fisi. Mwaka huu nimemwomba mhariri anipe nafasi nieleze jambo la hesabu, na ninazo sababu mbili. Kwanza, wapo wenzetu wanaosema ati hesabu ikielezwa kwa Kiswahili haieleweki. Pili, jambo lenyewe lilitufanya mimi na wenzangu wawili tuwaambie watu uongo hadharani, tena bila kujua kwamba tunasema uongo. Tuliwaambia wazazi wa hapa Kanyakine kuwa mvua yao imezidi kawaida, ilhali mahindi yao yalikuwa yamekauka shambani.

Kisa chenyewe kilianza hivi. Nyuma ya madarasa yetu kuna kile kisanduku cheupe cha hali ya hewa ambacho walimu wa jiografia hukitumia, na kando yake pana kipimamvua. Tangu tulipokuwa Kidato cha Pili tulipewa kazi ya kupima mvua kila siku saa tatu asubuhi. Mwalimu alituruhusu dakika tano tutoke darasani, mmoja wetu akimbie, asome milimita, aandike daftarini na kurudi. Jumamosi na Jumapili tulipokezana zamu, maana sisi ni wanafunzi wa kutwa na makwao si mbali. Tulitaka kazi hii iwe mradi wetu wa maonyesho ya sayansi.

Sisi tunaoishi upande huu wa Imenti Kusini tunaijua misimu yetu miwili: mvua ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo kwetu Meru hutegemewa zaidi. Mvua ikikosa, kahawa hutoa punje nyepesi, migomba hukunja majani, na ada ya shule huchelewa. Kwa hivyo swali letu halikuwa la mchezo. Tulitaka kujua: je, kwa jumla, miezi tuliyopima ilikuwa na mvua nyingi au chache kuliko kawaida?

Tulifungua madaftari ya zamani ya shule, tukapata wastani wa kila mwezi. Kisha tukachukua mvua ya mwezi tuliopima, tukatoa wastani wake. Mvua ikizidi, jibu ni chanya. Ikipungua, jibu ni hasi. Ili nisikuchoshe, namba zetu nimezisawazisha ziwe rahisi kukokotoa hata bila kalikuleta. Fikiria tofauti za miezi minane, kwa milimita, ni hizi: 64, -27, -64, 8, -27, 1, -8 na 27. Tazama vizuri. Miezi minne ilizidi, miezi minne ilipungua.

Sasa utauliza, mbona hatukutafuta wastani tu tukamaliza? Shida ya mvua ni kwamba haina adabu. Mwezi mmoja unaweza kuleta gharika ukafunika miezi mingine yote. Hamkumbuki mvua za El Niño za mwisho wa mwaka wa 2023, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024? Mwezi wa namna hiyo ukiingia katika hesabu, huvuta wastani juu hata kama mkulima alikaa miezi mitatu bila tone. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa takwimu za mvua wana mbinu ya zamani ya kutumia kipeuo cha tatu. Kipeuo cha tatu hupunguza makali ya namba kubwa: 64 inakuwa 4, lakini 1 inabaki 1. Yule jitu anafupishwa, yule mfupi anaachwa alivyo.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ametuazima tarakilishi yake ya mkononi yenye programu ya takwimu iitwayo R. Programu hii ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mapema katika miaka ya 1990, na toleo lake la 1.0.0 likatolewa tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi. Mtu yeyote huipata bure, na ndiyo maana hata sisi wa shule ya kutwa tunaweza kuitumia sawa na profesa wa chuo kikuu.

Basi tukaziingiza namba zetu, tukaiambia mashine izipandishe zote kwa kipeo cha 1/3, kisha itafute wastani. Jibu likaja: NaN. Tukatazamana. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye fundi wetu wa mashine, akasema, "Hizo ni zile siku tulizosahau kupima. Mashine imeona nafasi tupu. Wacha niiambie iziruke." Akaandika agizo na.rm=TRUE, ambalo huiambia R iondoe penye upungufu na kuendelea na palipobaki. Jibu likaja safi: 2.5. Chanya! Tukafurahi, tukachukua karatasi ya manila, tukaandika kwa kalamu nyekundu kwamba mvua ya Kanyakine imezidi wastani, tukaibandika ukutani siku ya mkutano wa wazazi.

Siku hiyo nyanya yangu ndiye aliyekuja kwa niaba ya mama. Nyanya hajui kusoma, kwa hivyo nilimsomea ile manila kwa majivuno, nikimwonyesha namba kwa kidole. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, hiyo mvua mliyoipima ilinyesha wapi? Kwangu nimepanda mahindi mara mbili na yote mawili yamekauka."

Nilikosa la kusema. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu nasi akacheka, akasema, "Labda ilinyesha ndani ya hiyo kompyuta." Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni hiyo sikwenda kucheza mpira. Tulirudi watatu kwenye meza ya mwalimu, tukaanza kutafuta mvua hiyo ilitoka wapi. Niliyoyapata ndiyo ninayokuletea hapa.

KIPEO NA KIPEUO

Kwanza tuelewane kuhusu maneno mawili yanayofanana kama pacha. Kipeo ni ile namba ndogo inayoandikwa juu, inayoeleza namba nyingine ijizidishe mara ngapi. 2 kwa kipeo cha 3 ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Kipeuo ni safari ya kurudi: kipeuo cha tatu cha 8 ni 2. Herufi moja tu ya "u" ndiyo inayotenganisha kwenda na kurudi.

Kitabu chetu cha hesabu kinatufundisha kuwa kipeuo kinaweza kuandikwa kama kipeo cha sehemu. Kipeo cha 1/2 ni kipeuo cha pili, kipeo cha 1/3 ni kipeuo cha tatu, na kadhalika. Namba ya chini ndiyo inayosema ni kipeuo cha ngapi.

Je, namba hasi ina kipeuo? Hapo inategemea. Chukua -9. Kuna namba gani ukiizidisha yenyewe mara mbili utapata -9? Ukijaribu 3 unapata 9. Ukijaribu -3 unapata 9 vilevile, kwa sababu hasi kwa hasi ni chanya. Haipo. Lakini chukua -8 na utafute kipeuo cha tatu. (-2) × (-2) ni 4, mara (-2) tena ni -8. Ipo! Jibu ni -2, na hata kalikuleta yangu ukibonyeza kile kidude cha kipeuo cha tatu inatoa -2 bila wasiwasi.

Kwa hiyo kanuni ni hii. Vipeuo vya witiri, kama cha 3, 5 na 7, vinakubali namba hasi. Vipeuo vya shufwa, kama cha 2, 4, 6 na 64, havikubali, maana namba hasi ikijizidisha mara ambazo ni shufwa hugeuka chanya daima.

Sasa basi, kama -8 inacho kipeuo cha tatu, kwa nini R ilipoandikiwa (-8)^(1/3) ilijibu NaN? Alama hiyo iliwekwa katika kanuni ya kimataifa ya hesabu za tarakilishi iitwayo IEEE 754, ya mwaka wa 1985, na maana yake ni "hili si namba". Mashine haikuwa inasema tumesahau kupima. Ilikuwa inasema: swali lenu halina jibu. Tena ilisema kwa sauti ya chini sana. R ukiiomba kipeuo cha pili cha -9 kwa agizo la sqrt hukuonya kwa maandishi, lakini ukitumia alama ya kipeo hukupa NaN kimyakimya na kuendelea na kazi.

MIZANI ISIYO NA THULUTHI

Siri iko kwenye ile 1/3. Sisi tunaiona thuluthi, lakini tarakilishi haijawahi kuiona thuluthi tangu izaliwe.

Fikiria mama muuza sukari sokoni mwenye mizani ya mawe. Ana jiwe la kilo, la nusu, la robo, la thumuni, na mengine madogo zaidi, kila moja nusu ya lile lililotangulia. Sasa umwambie akupimie thuluthi ya kilo. Atafanyaje? Ataweka robo. Haijatosha. Ataongeza jiwe la 1/16. Sasa ana 5/16, bado kidogo. Ataongeza 1/64, awe na 21/64. Ataongeza 1/256, awe na 85/256. Kila mara anakaribia, lakini hafiki kamwe. Mwishowe mawe yatamwishia, atakuambia, "Chukua tu hii, mwanangu, tofauti ni punje."

Tarakilishi ni mama huyo. Kila sehemu inayohifadhi imejengwa kwa nusu, robo, thumuni na kushuka chini. Unapoandika 1/3, inachohifadhi ni sehemu hii: 6004799503160661 juu, na 18014398509481984 chini. Namba hiyo ya chini ni 2 iliyojizidisha mara 54. Ni karibu sana na thuluthi, lakini si thuluthi.

Itazame namba ya chini. Ni shufwa! Hata katika hatua za yule mama, 4, 16, 64 na 256 zote ni shufwa, na namba za juu, 1, 5, 21 na 85, zote ni witiri, kwa hivyo haiwezekani kuzifupisha ili ile shufwa iondoke. Basi sisi tulidhani tumeomba kipeuo cha tatu cha -8. Kumbe mashine ilisikia tumeomba kipeuo chenye namba ya chini iliyo shufwa, na kipeuo cha shufwa hakikubali namba hasi. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilijibu swali ambalo kwa hakika iliulizwa.

Kuna mwanafunzi mwerevu atasema, "Basi waifundishe mashine ijue kwamba 1/3 ni 1/3." Mimi pia nilisema hivyo. Mwalimu akanipa chaki, akaniambia niandike 1/3 kwa namna nyingine. Nikaandika 2/6. "Ni sawa?" akauliza. Nikasema ni sawa, mwalimu. "Haya, ipandishe -8 kwa 2/6." Nikaanza na ile 2: -8 mara -8 ni 64. Kisha ile 6: kipeuo cha sita cha 64 ni 2. Nikaganda. Kwa 1/3 jibu ni -2, kwa 2/6 jibu ni 2, na sehemu zenyewe ni sawa! Ndiposa nikaelewa kwamba kipeo cha sehemu kwa namba hasi ni daraja bovu. Kwa namba chanya hutapata utata huo: 8 kwa 1/3 ni 2, na kwa 2/6 ni 2 vilevile.

Waliotumia kitabu cha majedwali ya logarithimu wameliona jambo hili kwa sura nyingine. Unapotafuta kipeuo cha tano kwa jedwali, unasoma logarithimu, unagawa kwa tano, unarudi. Lakini je, ushawahi kuona logarithimu ya namba hasi katika jedwali? Haimo.

Wale watakaosonga mbele hadi chuo kikuu wataambiwa kuwa hadithi haiishii hapo. Kuna namba changamano, ambamo kipeuo cha pili cha -1 hupewa jina i. Ukiiambia R kwamba -8 ni namba changamano, itakupa jibu la 1+1.732i, na jibu hilo ukilizidisha lenyewe mara tatu unapata -8 kweli. Yaani -8 ina vipeuo vya tatu vitatu, na -2 ni kimoja tu. Lugha nyingine ya programu, Python, hutoa jibu la namna hiyo bila hata kuombwa. Kwa hivyo usishangae mashine mbili zikitoa majibu mawili kwa swali moja. Kila moja ina mila yake.

MABANO SI MAPAMBO

Katika kutafuta, tuliangukia mtego mwingine mbaya zaidi. Mwenzangu aliandika -8^(1/3) bila mabano kwenye -8, na R ikajibu -2. Akaruka juu, "Si hii imekubali!" Tukadhani mashine ina wazimu.

Haikuwa na wazimu. Katika R, kipeo hufanywa kabla ya ile alama ya kutoa. Mashine ilichukua 8, ikapata kipeuo chake 2, ndipo ikabandika alama ya hasi mbele. Namba hasi haikupandishwa kabisa. Kwa bahati jibu lilikuwa sahihi. Lakini jaribu -9^0.5 uone. R itakujibu -3, ilhali tumekwisha kuona kwamba -9 haina kipeuo cha pili. Hapo mtu anapewa jibu lisilo la swali lake, tena bila onyo. Nakuomba ukumbuke hata katika mtihani: -3² bila mabano ni -9, lakini (-3)² ni 9. Wengi tumepoteza alama hapo, si kwa ujinga bali kwa uvivu wa kuchora vijimstari viwili.

DAWA YAKE

Ya kwanza ni kutenganisha alama na namba. -8 ni -1 mara 8. Iondoe ile hasi na kuiweka kando, tafuta kipeuo cha 8 ambacho ni 2, kisha urudishe hasi mahali pake. Katika R huandikwa sign(x) * abs(x)^(1/3). Kile cha kwanza hutoa alama, cha pili hutoa ukubwa wa namba bila alama. Ni kama mama anayevua watoto viatu mlangoni na kuwavalisha tena wakitoka. Angalia tu kwamba dawa hii ni halali kwa vipeuo vya witiri. Ukiitumia kwa kipeo cha 1/2, hujapata kipeuo cha pili, umejitungia kanuni yako mwenyewe, na ni lazima umweleze msomaji.

Tulipoitumia kwa miezi yetu minane tulipata 4, -3, -4, 2, -3, 1, -2 na 3. Jumla yake ni -2, na ukigawa kwa 8 unapata -0.25. Hasi! Nyanya alikuwa sahihi.

Sasa turudi tuone ile 2.5 ilitoka wapi. R ilipoambiwa iruke penye NaN, iliondoa -27, -64, -27 na -8. Haikuondoa miezi tuliyosahau kupima. Iliondoa miezi yote iliyopungua mvua, na hiyo tu. Ikabaki na 4, 2, 1 na 3, jumla 10, gawa kwa 4 ni 2.5. Yaani tuliwafukuza mashahidi wote wa ukame nje ya mahakama, kisha tukauliza waliobaki kama kulikuwa na ukame. Wangesemaje? Na ingetosha tu kutafuta wastani wa kawaida wa zile tofauti ili tushtuke, maana jumla yake ni -26, na wastani ni -3.25.

Dawa ya pili ni kupanga hatua vizuri. Mwalimu alitueleza kuwa ile mbinu ya kipeuo cha tatu hutumiwa hasa kwa mvua yenyewe, kabla ya kutoa wastani. Mvua ya mwezi haiwezi kuwa chini ya sifuri, kwa hiyo kipeuo chake hakina shida. Pandisha kwanza, toa baadaye. Sisi tulitoa kwanza tukapandisha baadaye, tukajitengenezea zile hasi wenyewe.

Jambo hili halihusu mvua peke yake. Hapa Meru wapo wakulima waliopanda miti mashambani chini ya mpango wa TIST, ulioanzia Tanzania mwaka wa 1999, na miti hiyo hupimwa unene ili wakulima walipwe kwa kaboni inayohifadhiwa. Mti hauwezi kupimwa kwa mizani ukiwa umesimama, kwa hiyo watafiti hutumia kanuni. Utafiti mmoja wa kituo cha ICRAF cha Nairobi, uliofanywa katika mashamba ya magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka wa 2012, ulipata kanuni hii: chukua kipenyo cha mti kwa sentimita, kwenye kimo cha kifua, ukipandishe kwa kipeo cha 2.472, kisha uzidishe kwa 0.091. Jibu ni uzito wa mti juu ya ardhi kwa kilo. Mti wa sentimita 10 unakuwa na kilo 27 hivi, na wa sentimita 20 kilo 150 hivi. Ona nguvu ya kipeo: unene mara mbili, uzito zaidi ya mara tano.

Sasa tuseme mwaka jana mti wako ulipimwa sentimita 20, na mwaka huu utepe ukawekwa chini au juu kidogo, ukasoma 19.8. Tofauti ni -0.2. Anayepandisha tofauti hiyo kwa 2.472 atapata NaN, na akiamrisha mashine iruke, mti umepotea daftarini ilhali umesimama shambani. Tena hapa ile dawa ya kurudisha alama haina maana, kwa sababu kanuni hiyo ni ya kipenyo cha mti wenyewe, si ya tofauti ya vipenyo. Inafaa apandishe kila kipimo peke yake, kisha atoe uzito kwa uzito. Hasi itakayopatikana hapo ni habari ya kweli: ama mti umepungua, ama aliyepima alikosea. Yote mawili yanastahili kujulikana.

LA KUONDOKA NALO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Namba hasi ni maradhi ya daftari. Ni mvua iliyokosa, ni pesa zilizopotea, ni mti ulionyauka, ni alama zilizoshuka kati ya muhula na muhula. Mtu huona haya kuitazama, na mashine ikipata sababu ya kuiruka, sisi hufurahi. Kuanzia Oktoba 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya, na wenzetu wa Meru Kaskazini na Tharaka walionja uchungu huo. Fikiria kama mtu mwenye kugawa chakula cha msaada angepiga hesabu kama yetu. Hangekuwa mtu mbaya. Angekuwa ameandika tu maneno machache ya kuiambia mashine iruke, akaenda kunywa chai.

Kwa hivyo ndugu zangu, nawaachia mambo matatu. Ukiona NaN usiiruke, uliza ni nani huyo anayetolewa nje. Ukiandika namba hasi, izungushie mabano. Na ukimaliza hesabu, mpelekee jibu mtu anayeishi na jambo lenyewe, hata kama hajui kusoma. Sisi tulikuwa na tarakilishi, programu na kipimamvua, lakini kosa liligunduliwa na nyanya aliyekuja mkutanoni na kanga yake.

Manila yetu tuliiondoa ukutani, tukaandika nyingine: "Mvua ilipungua. Samahani kwa jibu la kwanza." Chini yake tukachora jinsi kosa lilivyotokea. Tulikwenda na hiyo kwenye maonyesho ya sayansi. Hatukushinda, lakini mmoja wa waamuzi alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akanakili ile hesabu ya 1/3 na 2/6 katika daftari lake. Nilipomwambia nyanya, alinijibu tu kwamba ameshapanda mtama.

Kabla sijaweka kalamu chini, hapa pana zoezi kwa wapenda hesabu. Kipeuo cha tano cha -32 ni -2, hilo unalijua. Je, R itajibu nini ukiiandikia (-32)^(1/5), na kwa nini? Na ukiiandikia -32^(1/5)? Andika jibu lako kwa Kiswahili sanifu, ulibandike kwenye ubao wa Chama karibu na mlango wa maktaba. Jibu lisilo na mabano halitasomwa.

Nawatakia masomo mema, na mvua njema.